Jambia Moja, Nchi Nyingi: Namna ya Kutambua Asili ya Majambia ya Kale ya Kiarabu

Barabara ya lami itokayo Manyoni kwenda Singida hupita Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi, katika nchi ya Wanyaturu. Ni nchi ya majabali, alizeti, mtama na ng'ombe, na iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mtu akitajiwa majambia ya fedha ya Nizwa huko Oman, au ya Sanaa na Tarim huko Yemeni, hapa si mahali ambapo fikra zake zitakuja haraka. Hata hivyo, historia ya silaha hizo imepita jirani kabisa na hapa.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikavuka Ugogo kwa kulipa hongo kwa watemi, kisha ikakata pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, ambako leo ni Tabora. Kilimatinde, kusini ya Issuna, ilikuwa ukingoni mwa njia hiyo. Mwanzoni mwa 1875, mpelelezi Henry Morton Stanley aliiacha njia ya kawaida akaelekea kaskazini kulitafuta Ziwa Victoria. Katika kitabu chake anaeleza alivyopita nchi ya Urimi, yaani Unyaturu, na kufika mahali alipopaita Suna, jina ambalo mtu wa Issuna hawezi kulisoma bila kusimama. Siku chache baadaye, tarehe 17 Januari 1875, kijana wake Edward Pocock alifariki kwa homa, akazikwa njiani.

Waarabu walioongoza misafara hawakutembea bila silaha. Mpagazi alibeba mzigo, askari alibeba bunduki, na bwana wa msafara, pamoja na bunduki yake na upanga wa felegi, alivaa jambia tumboni. Misafara ilipokwisha na reli ikaingia, walikuja Wamanga kutoka Oman na Washihiri kutoka Hadhramaut, mashariki ya Yemeni, wakafungua maduka katika miji ya bara kama Singida, Kondoa na Tabora. Wapo waliooa na kuzaa huku, wakazikwa huku. Vitu vyao vilibaki kwenye masanduku ya wajukuu, na mara nyingine jambia ni kimojawapo.

Siku likitolewa sandukuni, swali la kwanza huwa moja: hili limetoka wapi? Mwenye nalo hutarajia jibu la neno moja, Oman au Yemeni. Majambia mengi ya kale hayana jibu la neno moja. Mpini unaweza kuwa wa nchi moja, bapa la nchi ya pili, ala ya nchi ya tatu, na mkanda ukawa umeshonwa Zanzibar. Kwa hiyo anayetaka kujua ukweli huliuliza jambia swali hilo mara nne, kila sehemu peke yake, ndipo anapojumlisha majibu.

Anza na ala

Ala, yaani nyumba ya jambia, ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo inayotofautisha nchi kwa wepesi zaidi.

Ala ya Oman huanza juu ikiwa imenyooka, kisha hupinda ghafla karibu na pembe mraba, na ncha yake hutazama pembeni. Juu kuna bamba la fedha lililochorwa kwa tindo. Katikati kuna pete za fedha zilizounganishwa kwa nyuzi za fedha zilizosokotwa, na hapo ndipo mkanda unapopita. Chini yake kuna ngozi au kitambaa kilichodariziwa kwa zari, na mwisho kofia ndogo ya fedha inayofunika ncha. Pete zihesabiwe. Majambia mengi ya Oman yana pete nne. Yale ya mtindo wa Saidi, unaohusishwa na ukoo wa kifalme wa Al Busaidi, kwa kawaida yana pete saba.

Yemeni ni habari nyingine. Watu wa makabila ya milimani kaskazini huvaa jambia liitwalo asib, ambalo ala yake ya mti huzungushiwa vipande vya ngozi na kupinda juu kama herufi J. Huvaliwa wima, katikati ya tumbo, kwenye mkanda mpana wenye nakshi za zari. Masayidi na makadhi walikuwa na lao, thuma, ambalo ala yake haipindi sana, hupambwa kwa fedha nyingi, na huvaliwa limelala upande wa kulia. Zamani mtu aliweza kumjua aliyesimama mbele yake ni wa tabaka gani kwa kuangalia tu jambia limekaaje kiunoni.

Hadhramaut, kwao Washihiri wetu, ala ni ya fedha nzito na ncha yake hupanda juu sana, mara nyingine ikakaribia kulingana na kifua cha mvaaji. Baadhi hutiwa vito vya akiki nyekundu. Mwenye ala ya namna hii asikimbilie kusema Oman kwa sababu tu babu yake aliitwa Mwarabu wa Zanzibar.

Upande wa Bara Arabu ya kati na magharibi, ambako leo ni Saudia, kuna majambia marefu ambayo ala zake hupinda kidogo tu, zikiwa zimefunikwa kwa mabamba ya fedha na shaba ya njano. Wakusanyaji huyaita ya Kiwahabi. Eneo la Al-Ahsa, mashariki, lilijulikana kwa kazi ya dhahabu.

Mpini husema mengi

Mpini wa Nizwa una kichwa kipana kilichonyooka juu, ukawa kama herufi T. Mpini wa Saidi umefunikwa fedha kote, una kiuno chembamba, na kichwa chake kina ncha na mapambo zaidi. Simulizi za Oman zinasema umbo hilo lilibuniwa na Shahrazad, mke Mwajemi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala aliyehamishia makao yake Zanzibar. Kwa kuwa ukoo huo ndio uliotawala Unguja, mpini wa Saidi ulienea sana katika pwani yetu. Katika picha alizopigwa Sultan Barghash na washauri wake walipozuru London mwaka 1875, majambia ya Oman yanaonekana viunoni mwao.

Huko Sur, mji wa mabaharia wa Oman ulio na uhusiano wa karne nyingi na pwani yetu, majambia huwa madogo na mepesi zaidi, na ngozi hutumika kwa wingi kwenye ala.

Mpini wa Yemeni una kiuno katikati na umetanuka juu na chini, na mara nyingi mbele yake kuna vidani viwili vya mviringo, kimoja juu na kimoja chini, vinavyofanana na sarafu au ambavyo ni sarafu kweli. Mpini ukiwa na alama hiyo na ala ikawa ya Oman, mwenye nalo ameshapata habari ya kwanza ya mchanganyiko.

Bapa na fedha

Bapa la jambia lina makali pande mbili na uti ulioinuka katikati kutoka mpinini hadi nchani. Uti huo ndio unaolipa nguvu. Mapana ya bapa, ukali wa mpindo na unene wa uti huo hutofautiana. Bapa la Yemeni kwa kawaida ni pana na uti wake ni mkubwa. La Oman mara nyingi ni jembamba na fupi zaidi. Mabapa ya kale ya Hadhramaut yalisifiwa kuliko yote, na kwa sababu hiyo yalisafiri. Bapa zuri lilitolewa kwenye mpini uliochakaa likatiwa kwenye mpini mpya, kizazi baada ya kizazi, hata likawa na umri mkubwa kuliko kila kitu kinacholizunguka.

Fedha nayo ina lugha yake. Mafundi wa Oman walipenda kuchora bamba kwa tindo na kupachika nyuzi za fedha. Huko Yemeni, mabingwa wa nyuzi nyembamba na chembe ndogo za fedha walikuwa Mayahudi wa nchi hiyo, na baadhi yao walipiga muhuri wa majina yao kwenye kazi. Kati ya 1949 na 1950, Mayahudi wapatao 49,000 waliondoka Yemeni kwenda Israeli, na ufundi huo ukapungua ghafla. Muhuri wa fundi wa namna hiyo kwenye ala ni ushahidi wa mahali na wa wakati kwa pamoja.

Fedha yenyewe ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitokana na riyali ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyotumika kuanzia Zanzibar hadi Yemeni na Uhabeshi. Ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Sonara aliiyeyusha akaifanya bamba, uzi au pete.

Sarafu hiyo pia ni mtego. Karibu riyali zote za Maria Theresa zina mwaka mmoja, 1780, ingawa ziliendelea kupigwa hadi karne ya 20, si Vienna tu bali pia Roma, London na Bombay. Mtu akiona 1780 kwenye mpini wake, asiseme jambia lina miaka zaidi ya 200. Sarafu nyingine husaidia zaidi. Rupia ya India yenye maneno yanayomtaja Victoria kuwa Malkia ni ya kabla ya 1877. Inayomtaja kuwa Malkia wa Dola ni ya kuanzia mwaka huo. Riyali ya Sultan Barghash ina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Rupia ya fedha ya Wajerumani wa Afrika Mashariki ilianza 1890. Sarafu iliyopachikwa tangu mwanzo haisemi jambia lilitengenezwa lini hasa, lakini inasema halikutengenezwa kabla ya mwaka fulani.

Kwa nini yamechanganyika

Sababu ya kwanza ni bahari. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Oman, Hadhramaut na India kuanzia Desemba, na kusi ikayarudisha. Pamoja na tende, chumvi na papa walikuja watu, na pamoja na watu yakaja majambia. Yakivunjika Unguja, Lamu au Mombasa, yalitengenezwa hapo hapo, mara nyingi na masonara wa Kihindi ambao hawakulazimika kufuata sheria za Nizwa wala za Sanaa. Walitumia kilichopo: fedha ya riyali, mpingo, pembe.

Sababu ya pili ni hija. Makka ilikutanisha watu wa kila nchi, na masoko ya Hijazi yaliuza majambia ya mitindo mbalimbali kwa mahujaji. Mtu aliyeondoka Zanzibar na jambia la Oman aliweza kurudi na ala ya Hijazi.

Sababu ya tatu ni utumishi wa kijeshi. Wahadhrami wengi walikwenda Hyderabad, India, kuwa askari wa mtawala wa huko, Nizam. Waliporudi au walipohamia Afrika Mashariki, walikuja na vyuma na mapambo ya Kihindi yaliyokwisha kuoana na mtindo wa kwao. Na kwenye mpaka wa Oman na Yemeni, katika nchi ya Dhofar, mitindo miwili hukutana bila kuhitaji safari yoyote. Jambia la Salalah, mji wa Dhofar, laweza kuwa na mambo ya Oman na ya Hadhramaut likiwa ni kazi ya fundi mmoja, tangu siku lilipotengenezwa.

Sababu ya nne ni urithi. Bapa la babu hupewa mjukuu, mjukuu akalinunulia ala mpya ya kuvalia harusi. Bwana harusi wa pwani anapovaa joho, kilemba na jambia, hakuna anayemuuliza kama mpini na ala vina umri sawa.

Sababu ya tano ndiyo ya kuangaliwa kwa makini: wachuuzi. Mfanyabiashara mwenye mpini mzuri usio na ala, na ala nzuri isiyo na jambia, huviunganisha akauza kwa bei ya jambia kamili. Mchanganyiko wa sababu nne za kwanza ni historia halali ya jambia. Wa mwisho ni wa juzi, na umefanywa ili kumhadaa mnunuzi.

Kutofautisha mchanganyiko wa zamani na wa juzi

Chukua mfano wa jambia lenye mpini wa Saidi uliofunikwa fedha, bapa pana lenye uti mkubwa, na ala ya fedha iliyopinda juu kwa mtindo wa Hadhramaut. Jambia kama hilo lifanyiwe uchunguzi wa mambo manne.

Kwanza, bapa liingie na kutoka kwenye ala yake. Mpindo wa bapa na mpindo wa ala visipokwenda pamoja, ala hiyo haikutengenezewa bapa hilo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba ala huwa ndefu kuliko bapa. Sehemu ile iliyopanda juu huwa ni pambo tu, na bapa haliifikii.

Pili, mdomo wa ala utazamwe kwa ndani. Jambia lililokaa na ala yake miaka 80 huacha mikwaruzo laini kwenye mti, mahali pale pale ambapo makali hupita. Mti wenye mikwaruzo mipya, au uliochongwa ili kutanua mdomo, unaonyesha kazi ya karibuni.

Tatu, mahali mpini unapokutana na bapa. Mafundi wa zamani walijaza utomvu mgumu ndani ya mpini ili kulishika bapa, wakafunga mpini kwa ribiti. Matundu ya ribiti yaliyozibwa yanaonyesha kwamba mpini uliwahi kuwa na mapambo mengine au uliwahi kubadilishwa. Gundi ya kisasa inayong'aa ni dalili mbaya. Utomvu mweusi uliopasuka kwa ukavu ni dalili njema.

Nne, uchakavu ulingane. Jambia lililovaliwa husuguliwa na mkono na nguo. Nakshi za mbele ya kiuno cha mpini hulainika, pete za ala huliwa na mkanda, ngozi hukatika kwenye mpindo. Mpini ukiwa umelainika na ala ikawa na nakshi kali kama za jana, vitu hivyo viwili havikuishi pamoja. Vyote vikiwa vimechakaa kiasi kimoja, na mikwaruzo ya ndani ikikubaliana, basi mchanganyiko huo ulifanyika zamani, na mtu fulani aliuvaa maisha yake yote.

Kwa jambia la mfano wetu, majibu hayo yakiwa mazuri, maelezo ya haki yatakuwa hivi: bapa na ala kwa mtindo wa Hadhramaut, mpini kwa mtindo wa Saidi, vimeunganishwa zamani, na pwani ya Afrika Mashariki ni mahali panapowezekana kabisa kwa muungano huo, kwa kuwa ndipo Mshihiri na Mmanga walipoishi mtaa mmoja. Maelezo hayo ni marefu kuliko neno Oman, lakini ndiyo yenye ukweli.

Wataalamu nao huteleza

Asiyekuwa na uzoefu asione haya kukosea. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita njia hiyo ya misafara ya bara pamoja na John Speke mwaka 1857, akaishi Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akaijua Zanzibar vizuri. Mwaka 1884 alichapisha kitabu kikubwa cha historia ya upanga. Ndani yake kuna picha ya silaha zenye mpini unaofanana na herufi H zilizotajwa kuwa za Zanzibar, jina lililokwishatumiwa na mwandishi aliyemtangulia, Auguste Demmin. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba silaha za namna hiyo ni za Moroko, upande wa pili kabisa wa Afrika. Jina la Zanzibar liliendelea kuzifuata kwa miaka mingi, kwa sababu kila mwandishi alimwamini aliyetangulia badala ya kuitazama silaha yenyewe.

Nafuu ilikuja pale watafiti walipoanza kukusanya silaha zenye historia inayojulikana na kuzilinganisha. Kitabu cha Robert Elgood juu ya silaha za Uarabuni katika karne ya 18, 19 na 20, kilichotoka mwaka 1994, ni miongoni mwa kazi zilizoweka msingi. Mwaka 2022, UNESCO iliuandikisha ufundi wa jambia la Oman na desturi zake katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Nchini Oman jambia si kitu cha makumbusho tu: limo kwenye bendera ya taifa tangu 1970, juu ya panga mbili zilizopishana.

Pembe ya faru

Kuna sehemu moja ya jambia inayoigusa nchi yetu kwa uchungu. Mpini uliothaminiwa kuliko yote huko Yemeni ni wa pembe ya faru, kwa sababu hauvunjiki kirahisi na kadiri unavyoshikwa ndivyo unavyong'aa na kupata rangi ya kaharabu. Pembe hizo zilitoka Afrika, na Afrika Mashariki ilikuwa chanzo kikubwa. Zilishuka kutoka bara hadi Zanzibar na Mombasa, zikavuka bahari, zikachongwa Sanaa. Yawezekana kabisa faru aliyeuawa katika nyika za katikati ya Tanganyika akarudi huku akiwa mpini kiunoni mwa mwenye duka.

Zamani mipini hiyo ilikuwa ya matajiri wachache. Miaka ya 1970, vijana wa Yemeni walikwenda kufanya kazi Saudia wakati wa neema ya mafuta, wakarudi na pesa, na kila mmoja akataka mpini ambao zamani ulikuwa wa mkubwa. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi, alitumia miaka mingi kufuatilia biashara hiyo hadi kwenye karakana za Sanaa. Yemeni ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, ila magendo yaliendelea. Faru weusi wa Afrika, waliokuwa wapatao 65,000 mwaka 1970, walibaki kama 2,400 tu ilipofika 1995. Majambia hayakuwa sababu pekee, kwani dawa za kienyeji za Asia zilikula pembe nyingi pia, lakini lawama yao ni kubwa.

Mpini wa faru hutambulikaje? Pembe hiyo imejengwa kwa nyuzi zilizoshikamana mfano wa nywele. Kwa lenzi, ubavuni huonekana mistari mirefu, na mahali ilipokatwa kwa upana huonekana vitone vilivyosongamana. Ikiwekwa mbele ya taa kali, kingo nyembamba hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Pembe ya ng'ombe au nyati huwa na matabaka na haina vitone hivyo. Pembe ya ndovu huwa na mistari inayokatana kwenye sehemu iliyokatwa. Plastiki, inayotumika sana kwenye majambia ya siku hizi, haina lolote kati ya hayo. Wapo wanaochoma mpini kwa sindano ya moto ili wanuse. Wasifanye hivyo, kwani huharibu kitu ambacho lenzi ya bei ndogo ingekitambua.

Mwenye jambia ajue pia sheria. Pembe ya faru na ya ndovu, hata ikiwa imechongwa mpini, inahesabiwa kuwa nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuimiliki au kuiuza bila kibali ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inalinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayekuja kijijini na pesa mkononi akitaka kuondoka na jambia jioni hiyo hiyo ana sababu ya kutotaja sheria hizo.

Ushahidi ambao hauko kwenye jambia

Yote yaliyotangulia huishia kwenye mtindo: jambia limetengenezwa kwa namna ya mahali fulani. Mtindo hausemi nani alilivaa, wala lilifikaje. Hilo hujulikana kwa maelezo ya watu tu, na hapo ndipo familia za Issuna, Ikungi, Manyoni na Kondoa zinapoyashinda makumbusho makubwa ya Ulaya. Kule kuna majambia mazuri ambayo kadi zake zinasema Arabuni na hakuna zaidi, kwa sababu yalinunuliwa sokoni. Jambia la kawaida kabisa, lenye mpini uliopasuka, ambalo familia inajua lilikuwa la nani, alitoka bandari gani, alifungua duka wapi na alifariki mwaka gani, lina thamani kwa mtafiti kuliko la dhahabu lisilo na mwenyewe.

Maelezo hayo hupotea haraka. Wazee walioyasikia kutoka kwa wenyewe wanazidi kupungua. Majengo nayo hayadumu: sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na lililokuwa makumbusho, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Basi mwenye jambia la kale nyumbani aanze na daftari kabla ya kitambaa cha kufutia. Amwulize mzee aliyebaki, aandike majina, miji na miaka. Alipige picha mbele na nyuma, likiwa ndani ya ala na nje, na rula pembeni ili vipimo vionekane. Apige pia picha za karibu za mihuri, sarafu na matundu ya ribiti. Asilisugue kwa majivu, mchanga wala dawa ya meno, maana weusi wa fedha ni sehemu ya ushahidi na nakshi zikishafutika hazirudi. Bapa likiwa limekwama, asilivute kwa nguvu. Asibadilishe sehemu iliyovunjika. Alihifadhi mahali pakavu, na vipande vilivyobanduka avitie kwenye mfuko pamoja nalo. Kisha awasiliane na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au na maofisa wa Mambo ya Kale, awaonyeshe picha na daftari lake, na mpini ukidhaniwa kuwa wa faru au ndovu atoe taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori. Wanaokuja kununua wasubiri hadi kazi hiyo iishe.